Maziwa Yaliyorudi Zizini

Kiangazi kilikuwa kimepita katikati, ng'ombe walikuwa wanatoa nusu ya maziwa yao, na hakuna mtu mjini Baraka aliyetaka kununua maziwa ya Kezimana.

Jambo hilo lilikuwa kinyume cha mambo. Kila mwaka nyasi zikikauka, maziwa yanakuwa haba, na kitu kikiwa haba kinapanda bei. Wakati wa mvua lita moja inauzwa franka elfu moja mia mbili, na muuzaji ndiye anayembembeleza mnunuzi. Wakati wa kiangazi lita hiyohiyo inafika elfu mbili mia tano, na mnunuzi ndiye anayembembeleza muuzaji. Kezimana alikuwa amejenga maisha yake ya Baraka juu ya hesabu hiyo. Mwaka huu kiangazi kilikuja kama kawaida, maziwa yakapungua kama kawaida, lakini wanunuzi wakageuza uso.

Alikuwa Mrundi wa miaka hamsini hivi, mrefu, mgongo umeanza kukunjika kwa kusukuma baiskeli. Alivuka mpaka mwaka wa elfu mbili kumi na tano na mke wake Alida na watoto, akaacha nyuma ng'ombe sita ambao hakuuliza tena waliliwa na nani. Alikaa kambi ya wakimbizi ya Lusenda mpaka akachoka na foleni, akahamia Baraka, akabeba matofali, akabeba samaki, akabeba kila kitu kinachobebeka. Halafu akakutana na Claver.

Claver naye alitoka Burundi, ila zamani, mwaka wa sabini na mbili, akiwa mgongoni mwa mama yake. Zizi lake liko milimani, pembeni ya barabara inayopanda Fizi. Yeye hakuangalia baiskeli ya Kezimana wala mfuko wake. Aliangalia jinsi alivyomshika ng'ombe shingoni, akajua huyu si mchuuzi, ni mtu aliyenyang'anywa.

"Utachukua maziwa yangu yote ya asubuhi," Claver alimwambia. "Mvua na kiangazi, elfu moja mia tano kwa lita. Bei hatutaiongea tena. Viangazi vitatu vikiisha, nitakupa mtamba."

Hiyo haikuwa biashara. Ilikuwa namna ya wazee wao ya kumpa mtu ng'ombe. Anayepewa anaacha kuwa mnunuzi, anakuwa mtu wa nyumba, na mtu wa nyumba ana miiko yake. Hajadili bei. Hasemi "leo punguza", maana ni kama kumwambia ng'ombe afunge chuchu. Na maziwa yakishatoka zizini hayarudi, hata yakiwa yamebaki, hata yakiwa yameganda. Yakirudi, ng'ombe ameambiwa kwamba hatakiwi.

Mtamba mwenyewe alizaliwa mwezi uleule wa mapatano. Alikuwa wa rangi ya kahawia na kiraka cheupe tumboni. Kila alfajiri, kabla ya kufunga bidoni, dumu lake la maziwa, kwenye baiskeli, Kezimana alipitisha mkono juu ya mgongo wake. Hakumpa jina. Aliogopa kumwita jina mnyama ambaye bado si wake.

Miaka miwili ilikwenda vizuri. Wakati wa mvua alinunua kwa elfu moja mia tano akauza kwa elfu moja mia mbili, akameza hasara na kunyamaza. Wakati wa kiangazi alinunua kwa bei ileile akauza kwa elfu mbili mia tano, akajaza shimo na kubaki na kitu. Hiki kilikuwa kiangazi cha tatu. Zilibaki wiki tano, labda sita, mvua ianze na mtamba abadilishe mwenye mali.

Asubuhi hiyo alisimamisha baiskeli mbele ya kibanda cha Mama Florentine, pembeni ya sokoni, pale wanapoegesha wenye pikipiki. Florentine alikuwa Mubembe, mwenyeji wa pale, mwanamke mpana, mkali, mwenye mkono mwepesi wa sukari. Alikuwa mteja wake mkubwa tangu mwanzo. Chai yake ya maziwa na tangawizi ndiyo iliyowaamsha wenye pikipiki wote wa Baraka.

"Papa Kezi, usishushe," alisema kabla hajasalimiwa. "Leo tena hapana."

"Mama Florentine, hata lita tano?"

"Hata kopo."

Mwenye pikipiki mmoja, Darius, aliinua kichwa kutoka kwenye chai yake. "Mzee, leo bei ni ngapi?"

"Elfu mbili mia tano. Ni kiangazi."

"Elfu mbili mia tano! Hiyo ng'ombe yako inakulaka dola? Basi ikuje yenyewe hapa, itupikie na chai."

Wenzake wakacheka. Kezimana naye akatabasamu kidogo, kwa adabu, kama mtu anayetabasamu kwenye matanga.

"Nyamaza, Darius, wewe mwenyewe unaninyimaka makuta ya chai tangu juzi," Florentine alisema. Halafu akamgeukia Kezimana, sauti ikashuka. "Papa, sikia. Mi siko mubaya. Kopo moja ya unga ya maziwa, ile ya kwa Wilfried, natia mu maji ya moto, natoka na lita tatu. Lita moja inanifikia elfu moja tu. Chai yangu iko palepale, franka mia tano. Bamotari habajue tofauti."

"Tunajua!" Darius alisema. "Ile ya unga haina manyoya."

"Nitakupa kwa elfu moja," Kezimana alisema.

Darius akaweka kikombe chini. Kila mtu pale alijua kwamba muuzaji wa maziwa hashuki hivyo mwezi wa nane.

Florentine akamtazama. "Na wewe unanunua ngapi?"

Kezimana akainama kukaza kamba ya bidoni.

"Unaona? Unataka nikule hasara yako, kesho bantu baseme ni mi nilikuua. Na hata kwa elfu moja, papa, sitaki. Maziwa yako napaswa kuichemsha yote asubuhi, na makaa. Mu saa sita, na hii joto ya ziwa, imeshakatika. Ile ya unga inangoja. Mutu akikaa, natia kijiko. Hakuna mutu, inalala mu kopo, hainiombe kitu." Akafuta mikono. "Nipe lita mbili, ya batoto bangu ba nyumbani. Ya chai, hapana. Unisamehe."

Kezimana akapima lita mbili. Zikabaki nane.

Kezimana hakwenda nyumbani. Alisukuma baiskeli mpaka dukani kwa Wilfried, maana alitaka kumwona huyo aliyemshinda. Alitegemea kukuta mtu anayecheka. Alimkuta Wilfried amekaa juu ya katoni, kalamu sikioni, uso umenyongea kama wake. Nyuma yake katoni za maziwa ya unga zilikuwa zimepangwa mpaka darini.

"Papa Wilfried, nakuja kuuliza tu. Maziwa ya ng'ombe imekuwa kidogo. Juu ya nini bei yako inashuka?"

"Unafikiri nafurahi, mzee?" Wilfried alisogea akampa nafasi ya kukaa. "Maziwa yako inasikilizaka mvua. Yangu haijue mvua. Inasikilizaka dola, na mashua, na Misisi."

"Misisi tena?"

"Ndiyo. Maziwa yako haifikake Misisi, ile barabara itaigeuza siagi. Yangu inafika. Kila kiangazi, maji inakauka mu mashimo, bachimbaji banashuka chini, dhahabu inatoka, bananunua maziwa ya unga kama wendawazimu. Kwa hiyo mu kiangazi yako inapanda na yangu inapanda. Tunapanda wote. Si ndiyo?"

"Miaka miwili ilikuwa vile."

"Basi, mwezi wa tatu niliagiza nyingi sana ku Kigoma, na dola ya mkopo, nikingoja kiangazi. Nikatuma karibu yote Misisi. Sasa mashimo makubwa imefungwa, bachimbaji banagombana na wenye mashimo, banatawanyika. Hakuna mwenye hata franka. Karatoni zikarudi na pikipiki, zote, unaziona." Akageuza katoni moja, akaweka kidole kwenye maandishi madogo. "Na hii. Tarehe. Mu mwezi wa kumi hii maziwa itakuwa chokaa. Hii bei ya leo si bei, mzee. Ni mimi nakimbia."

Kezimana aliisoma ile tarehe. "Na zikiisha?"

"Zikiisha, zingine zitakuja na bei ya dola ya siku hiyo, na itapanda sana. Mi bado nauza bei ya mwezi wa tatu, unaelewa? Unga inatembea polepole. Bei unayoona leo ilizaliwa zamani. Yako inazaliwa asubuhi na kufa jioni."

"Itapanda lini?"

Wilfried akahesabu kichwani, halafu akacheka bila furaha. "Mvua ikianza."

"Mvua ikianza, yangu itakuwa ya kumwagwa."

"Ni vile. Mwaka huu tumepishana mu njia, mi na wewe. Pole sana."

Nyumbani, Alida alikuwa ameketi mlangoni na sufuria mbili za maziwa mgando ambazo hakuna aliyezinunua jana. Watoto walikuwa wamekula ugali wa muhogo na mgando asubuhi na jioni mpaka mdogo wao akaanza kulia akiiona sufuria. Alida alitazama bidoni, akaona jinsi lilivyoning'inia, hakuuliza limebaki kiasi gani.

Kila Jumamosi Claver alilipwa yote. Jumamosi ya kwanza ya mwezi walimlipa kwa mbuzi mmoja. Ya pili, mbuzi wa pili. Ya tatu, mabati sita yaliyonunuliwa kwa ajili ya chumba cha watoto. Ya nne ilikuwa juzi, na ilikwenda na simu ya Alida.

"Jumamosi inayokuja tutauza nini?" Alida aliuliza. Hakuwa anagombana. Alitaka tu kujua.

"Sijui."

"Jifanye mgonjwa. Wiki tano. Mtu mgonjwa hapandi mlima."

"Claver akisikia naumwa, ataniletea maziwa ya mgonjwa mpaka hapa."

Alida akacheka, na Kezimana akacheka, wakacheka wote wawili mpaka machozi.

"Basi nenda ukaongee naye," Alida alisema. "Naye ni mtu. Mwambie kwa mdomo tu kwamba mambo yamekuwa mabaya. Yeye mwenyewe ataona la kufanya."

Lilikuwa shauri zuri. Kama angelifuata lilivyo, labda hadithi hii isingekuwapo. Lakini alipoinuka kwenda, bidoni lilikuwa bado limefungwa kwenye baiskeli, na hakulifungua. Mwanzoni ilikuwa uchovu tu. Alipofika njia panda na kuanza kusukuma kupanda, uchovu ukatafuta sababu. Claver anakaa milimani, alijisemea. Hajawahi kuona maziwa ya unga. Nikimwambia kwamba mwezi wa nane watu wamekataa maziwa, atafikiri nimekunywa pesa yake. Lakini maziwa yenyewe atayaona. Maziwa hayasemi uongo.

Alisukuma jua likiwa bado kali, akipishana na wanawake wanaoshuka na mihogo. Maziwa yaligonga ndani ya bidoni kila baiskeli iliporuka jiwe. Aliijua miiko. Mtu asifikiri kwamba aliisahau. Aliijua kama anavyojua jina la baba yake, lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huamini kwamba safari hii moja ataeleweka.

Solange, mke wa Claver, alikuwa anafagia mbele ya zizi.

"Karibu, baba. Umewahi. Unakuja kuchukua ya jioni?"

"Hapana, mama. Nimekuja kumwona mzee."

Akafungua bidoni kwenye baiskeli, akalibeba, akaanza kupita nalo kwenye lango la zizi. Solange alisikia maziwa yakigonga. Ufagio ukasimama.

"Hilo limejaa?"

"Ni ya asubuhi."

Solange alitazama nyumbani, akatazama zizini, akamsogelea karibu sana. "Baba, sikiliza. Rudi nayo mpaka barabarani, uyamwage huko. Haraka. Mimi sijaona kitu."

Kezimana alisimama katikati ya lango. Hatua chache tu zilihitajika. Lakini lita hizo nane zilikuwa elfu kumi na mbili, na elfu kumi na mbili ilikuwa kitu ambacho Jumamosi kingetoka nyumbani kwake, na hakukuwa tena na kitu. Mkono wake ulikataa kwenda kumwaga. Alikuwa bado amesimama hivyo Claver alipotokea upande wa pili wa zizi, fimbo begani.

Claver aliona uso wa mke wake kwanza, halafu bidoni.

"Yametoka hapa?"

"Yametoka hapa," Kezimana alisema. "Leo asubuhi. Mzee, hawanunui. Nimekuja uone mwenyewe."

Claver hakupiga kelele. Alikaa juu ya jiwe kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. "Ungeniambia kwa mdomo," alisema. "Neno la mdomo ningeweza kusema sikulisikia vizuri."

"Niliogopa usiniamini."

"Wanakunywa nini, kama hawanywi maziwa?"

"Maziwa ya unga. Yako kwenye makopo. Yanatoka ng'ambo."

"Ya ng'ombe gani?"

"Ng'ombe wa mbali. Hata mwenye duka hawajui."

"Na hao ng'ombe wa mbali, wanajuaje kwamba huku ni kiangazi?"

"Hawajui, mzee. Ndiyo shida yenyewe."

Claver akatikisa kichwa polepole. Mtamba alikuwa amesimama nyuma yake, anajikuna kwenye mti wa uzio, kiraka cheupe kikionekana na kupotea.

"Sina hasira na wewe," Claver alisema. "Wewe ni mtu mzuri, umenilipa kila Jumamosi. Lakini mtamba huyu nikikupa baada ya hili, atakaposhika mimba sitalala. Akitupa mimba, nitasema ni bidoni. Ndama akifa, nitasema ni bidoni. Baba yangu asingempa mtu aliyerudisha maziwa, na mimi sijui namna nyingine ya kutoa ng'ombe isipokuwa ile ya baba yangu."

"Zimebaki wiki tano, mzee."

"Najua zimebaki ngapi."

Hapo Solange akaingia ndani. Hakutaka kuona.

"Maziwa sitakunyima," Claver aliendelea. "Kuanzia kesho wewe ni mnunuzi kama wanunuzi wengine. Mnunuzi anaongea bei. Haya, sema."

Kezimana hakuelewa mara moja. Miaka yote hiyo mdomo wake haukuwahi kutaja bei mahali pale.

"Sema bei, bwana. Ndivyo wanavyofanya sokoni."

"Mia saba," Kezimana alisema, akitazama chini.

"Mia tisa."

"Mia nane."

"Haya. Mia nane."

Ilikwisha upesi hivyo. Ile elfu moja mia tano iliyokula mbuzi na mabati na simu ilianguka karibu nusu kabla bidoni halijatoka mkononi mwake. Kumbe ingeweza kuanguka siku yoyote. Ilikuwa imeshikiliwa na kitu kimoja tu, na kitu hicho sasa hakikuwapo.

Claver alilichukua bidoni mwenyewe, akalipeleka nje ya uzio, akamwaga yote kwenye majani makavu, akarudi nalo tupu. "Kesho usiingie ndani," alisema. "Utangoja langoni. Solange atakupimia."

Kezimana aliteremka na baiskeli nyepesi. Alida alimwona anakuja, akaona bidoni tupu, kwa dakika moja uso wake ukafurahi. Alifikiri ameuza.

Kesho yake alichukua lita kumi langoni kwa mia nane, akaziuza kwa elfu moja, kikombe kikombe, nyumba kwa nyumba, kwa watu wenye watoto. Florentine hakurudi kwenye maziwa ya ng'ombe. Katikati ya mwezi wa kumi mvua ilianza. Katoni za Wilfried zikaisha wiki hiyohiyo, mpya zikaja na dola ya siku hiyo, na unga wa lita moja ukapanda hadi elfu mbili mia mbili. Florentine alimtafuta Kezimana sokoni, anamwita kwa sauti, anataka lita kumi na tano kila siku. Lakini nyasi zilikuwa zimeota, kila mtu alikuwa na maziwa, na bei haikuweza kupanda. Alimuuzia. Alipata faida ya franka mia mbili kwa lita, na hakuna aliyesema kwamba ni kidogo.

Kilichotoka mikononi mwake ni hiki. Mbuzi wawili. Mabati sita. Simu ya Alida. Lita nane zilizomwagwa nje ya uzio. Misimu mitatu ya mvua ya kuuza chini ya bei aliyonunulia. Miaka mitatu ya kupanda mlima huo, kasoro wiki tano. Na mtamba mmoja wa kahawia, ambaye mwezi wa kumi na moja Claver alimpa mtoto wa dada yake kule Mboko, mnyama akiwa tayari ana mimba.